Wawili na Ziwa Moja: Rekodi Kumi za Pwani ya Uvira

Bibi na bwana wakianza kuongea likizo ya kisiwani, wa kwanza hutaja Unguja, na wa pili, kama mfuko umetuna, hutaja Maldives. Hatuwabishii. Ila ipo pwani nyingine, ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, ambayo kila yanapotajwa mashindano ya dunia haikosi kwenye safu ya mbele. Inaanzia pale mto Ruzizi unapomwaga maji, inapita Uvira na bandari ya Kalundu, inashuka Makobola na Mboko, inafika Baraka na kuishia kwenye ncha ya Ubwari. Mchanga upo. Michikichi ipo. Samaki mukeke wa kuchoma yupo. Na kwa kuwa Uvira iko ukingo wa magharibi, jua la asubuhi linaonekana likitokea ng'ambo ya maji, juu ya milima ya Burundi.

Kanuni za shindano ni hizi. Tunahesabu kutoka kumi kwenda moja. Vipimo vyetu ni vya nyumbani: basi la mita 12, bidoni ya lita 20, na Uwanja wa Martyrs wa Kinshasa wenye viti 80,000. Mpinzani mkuu ni mmoja, Ziwa Baikal la Urusi, bingwa mwenye makombe mengi ambaye leo atachokozwa. Na tahadhari moja: vita vya 2025 vimeitikisa Kivu Kusini, kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo ulizeni kwanza habari za njia.

10. Kisiwa kilichodanganya wasafiri

Tuanze na kisiwa chenyewe, maana ndicho mlichokitaka. Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walipita Ubwari kwa mitumbwi wakielekea Uvira, na Burton akaandika kwamba ameona kisiwa kirefu cha mawe, chenye urefu wa kilomita 37 hadi 46 kwa vipimo vyetu vya leo. Miaka 18 baadaye, mwaka 1876, Henry Stanley akalizunguka ziwa na kukuta shingo ya nchi kavu inayokiunganisha "kisiwa" hicho na bara. Ubwari ni rasi! Maji yaliyojificha nyuma yake yakapewa jina la Ghuba ya Burton, heshima yenye utani ndani yake.

Hata ukichukua makadirio madogo ya Burton, kilomita 37, ungehitaji mabasi 3,000, pua kwa mkia, kuifunika Ubwari kutoka shingoni hadi nchani. Maji yameizunguka pande tatu. Kwa wapenzi wa kisiwa, hiyo ni asilimia 75 ya ndoto, na ile robo iliyobaki ina faida yake: mkichoka na mawimbi mnaweza kurudi Baraka kwa miguu. Wasiokubali upungufu waende Ziwa Viktoria, ambako Ukerewe, kilomita za mraba 530, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ndani ya maziwa ya Afrika.

9. Mgeni mwenye jina kubwa aliyekaa muda mrefu

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965 mashua ilivuka kutoka Kigoma ikatia nanga Kibamba, kusini ya Ubwari. Ndani yake alikuwamo Che Guevara. Alikuja kuwasaidia waasi wa Kongo, akajipa jina la vita kwa kuhesabu Kiswahili: Tatu. Wenzake wawili walikuwa Moja na Mbili. Aliondoka tarehe 21 Novemba mwaka huohuo, akirudi Kigoma kwa maji yaleyale.

Piga hesabu: siku 211. Likizo ya kawaida ya wiki mbili inaingia humo mara 15. Hakuna mgeni mwenye sura iliyochapwa kwenye fulana nyingi kama yake aliyewahi kulala usiku mwingi hivyo kwenye ukingo huu. Vita vyake vilishindwa, na mke wake hakumleta. Ninyi mkifika wawili na mkapatana kwa siku 14, mmekwisha kumshinda kwa mafanikio, ingawa si kwa muda.

8. Ubishi mrefu kuliko wote juu ya mto mfupi

Ruzizi una kilomita 117 tu. Kongo, mto unaoyapokea maji yake mwishoni, una kilomita 4,700, yaani mara 40. Lakini kwa kubishaniwa, Ruzizi ni bingwa.

Burton na Speke walifika Uvira tarehe 26 Aprili 1858 wakiwa na swali moja: je, Ruzizi unatoka ziwani ukaenda kuwa Nile, au unaingia? Wana wa mtawala wa hapo waliwajibu waziwazi: unaingia. Wasafiri wakageuza mitumbwi bila kuuona mdomo wa mto. Ilipita miaka 13 nzima, huku mabwana wa jiografia wa London wakirushiana maneno, hadi Novemba 1871 David Livingstone na Stanley walipopiga makasia hadi mdomoni wakayaona maji kwa macho yao. Unaingia. Watu wa Uvira walikuwa wamekwisha kulisema.

Nyongeza ya sehemu hii ni mamba. Ruzizi na ukingo wa kaskazini ndiyo yaliyokuwa makao ya yule aliyepewa jina Gustave, aliyekadiriwa kupita mita 6. Hiyo ni nusu ya basi letu, na ni makadirio ya macho, maana hakuwahi kunaswa akapimwa. Mdomo wa Ruzizi utazameni kutoka nchi kavu. Pa kuogelea, wavuvi watawaonyesha.

7. Meli kongwe isiyotaka kustaafu

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikatiwa kwenye makasha 5,000, ikasafirishwa hadi Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini mitambo wakaipaka grisi kwanza. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Titanic, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja tu, ilizama mara moja ikabaki hukohuko!

Urefu wake ni mita 71, mabasi sita kasoro kidogo. Lakini kipimo chake halisi ni watu. Mwaka 1997, baada ya vita vya kwanza vya Kongo, Liemba iliwarudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000, ikiwatoa Kigoma na kuwashusha Uvira. Wakalisheni watu hao Uwanja wa Martyrs na vitabaki viti 5,000 tu. Matengenezo yameisimamisha mara kwa mara katika miaka ya karibuni, lakini kwa meli ya abiria iliyopita miaka mia, kupumzika kidogo si aibu.

6. Ndege mgumu kuonekana, kwenye mlima uliompita Nyiragongo

Geukeni, lipeni ziwa mgongo. Ukuta ulio nyuma ya Uvira ni milima ya Mitumba, na ndani zaidi ni Itombwe, yenye mojawapo ya misitu mikubwa kabisa ya milimani iliyobaki Afrika. Kilele chake, Mohi, kina mita 3,475. Nyiragongo, volkano inayoijulisha Goma kwa dunia nzima, ina mita 3,470. Mohi ameshinda kwa mita 5, bila moto na bila kelele! Kutoka maji ya Uvira, yaliyo mita 773 juu ya bahari, hadi kilele hicho ni mita 2,702 za kupanda: mabasi 225 yaliyosimamishwa wima.

Mwenye rekodi huko ni bundi. Mwaka 1951 alipatikana mmoja, akaingizwa vitabuni kwa jina la Alexandre Prigogine, mtafiti wa ndege wa Itombwe. Kisha akapotea. Wa pili alinaswa kwenye wavu mwaka 1996, akapigwa picha, akaachiwa. Miaka 45 kati ya kuonwa na kuonwa! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza angeweza kuwa na wajukuu alipotokea wa pili. Wengi wetu tulilelewa kumwogopa bundi kama mkosi, lakini kwa huyu, bahati mbaya ni kumkosa.

5. Maji moto kuliko chungu kinachochemka

Maji ya sufuria yakifika nyuzi 100 yanachemka na hesabu imekwisha. Chini ya Tanganyika hesabu inaendelea. Mwaka 1987 watafiti waliopiga mbizi kwenye ukingo huu wa Kongo walikuta chemchemi za moto zikitoka sakafuni mwa ziwa, mahali pawili: Pemba, kati ya Uvira na Baraka, na Rasi Banza huko Ubwari. Banza walipima nyuzi 66 hadi 103. Maji yaliyo juu yanakandamiza, kwa hiyo yale ya chini yanapita nyuzi mia bila kuchemka.

Na yanajenga. Madini yanayotoka na maji hayo yameganda kuwa mabomba yanayosimama hadi sentimita 70, kimo cha meza ya kulia chakula. Bonde la Ufa linaendelea kupasuka na joto la tumbo la dunia linapata mwanya. Ubwari basi ina sifa ambayo visiwa vingi vya likizo havina: jiko chini ya bwawa. Hoteli za nyota tano hulipia umeme kupata maji ya moto. Hapa ziwa linajipashia lenyewe.

4. Ndoa za ajabu kuliko zote, chini ya maji

Ukoo wa sato una karibu spishi 250 ndani ya ziwa hili, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Hiyo ni timu 22 kamili za mpira, na akiba 8 wamebaki kwenye benchi. Kwenye ukoo huo yumo mkubwa wao wote duniani, kuhe, anayefika sentimita 80. Wamo pia wadogo wao wote, wenye sentimita 4 hivi, wanaoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa. Panga wadogo 20 kwa msururu ndipo umfikie kuhe mmoja.

Lakini hii ni likizo ya wawili, kwa hiyo tupime ndoa. Kuhe ni mfano wa nyumba iliyotulia: dume na jike hulinda pamoja mayai na vifaranga, maelfu kwa mara moja, bila mmoja kumwachia mwenzake. Rekodi ya dunia, hata hivyo, iko kwa Lamprologus callipterus. Dume hukusanya makombe ya konokono kwa mdomo, ajenge mtaa mzima, na majike huingia humo kutaga. Kwa kuwa jike lazima aenee ndani ya kombe na dume lazima awe na nguvu za kulibeba, dume amefika uzito wa mara 12 ya jike. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana ambaye dume amemzidi jike kwa kiasi hicho! Bwana akiwa na kilo 78, bibi yake angekuwa na kilo sita na nusu. Pozi kwa picha ya harusi ingekuwa kazi.

Mezani mambo ni rahisi. Ndagala hazizidi sentimita 10, huvuliwa usiku kwa taa kali zinazozivuta juu, na alfajiri huanikwa mchangani. Mukeke huchomwa mzima. Bugali, sombe yenye mawese, pilipili, na mashindano yanasimama kwa muda.

3. Mzee na kitoto katika nyumba moja

Tanganyika lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Baikal ana milioni 25 hivi, kwa hiyo kombe la umri ni lake, hatutagombana. Kombe letu ni la tofauti ya umri. Ruzizi, mto unaoingia kwenye ziwa hili la kale, una miaka 10,000 hivi tu.

Ilikuwaje? Ziwa Kivu zamani lilitoa maji yake kaskazini, kuelekea Nile. Volkano za Virunga zikamwaga lava, zikaziba njia. Maji yakajaa hadi yakapata upenyo kusini, kwenye Bukavu ya leo, yakashuka karibu mita 690 hadi Uvira. Volkano zimeinyang'anya Nile na kuipa Kongo. Tone linaloondoka Kivu leo linaelekea Atlantiki.

Ukichukua ziwa kuwa na miaka milioni 10, ukaifanya iwe harusi ya saa 24, Ruzizi umeingia ukumbini sekunde 86 kabla ya watu kuagana. Haujapata hata kiti.

2. Kina cha mabasi 122, na bidoni 118,000 zenye jina lako

Mahali penye kina kirefu kuliko pote pana mita 1,470. Simamisha basi moja wima, la pili juu yake, endelea: la 122 bado limelowa hadi juu. Pale ni upande wa kusini, lakini hata nusu ya kaskazini, kwenye bonde la Kigoma, kuna mita 1,310, mabasi 109. Baikal ameshinda kwa mita 1,642, tofauti ya mabasi 14. Medali ya fedha, basi, na Afrika nzima haina wa kuigusa. Mkiwa Kalundu mko mita 773 juu ya bahari ya Mombasa. Sakafu ya ziwa hilohilo iko mita 697 chini ya bahari hiyo.

Samaki hawafaidi kina chote. Upande wa kaskazini oksijeni inaishia karibu mita 100, mabasi manane. Chini ya hapo ni giza na maji yasiyopumulika, kwa sababu tabaka za juu na za chini hazichanganyiki.

Sasa wingi. Ziwa Viktoria ni kubwa mara mbili kwa eneo lakini ni sinia. Tanganyika ni mtungi. Viktoria lina kilomita za ujazo 2,700 hivi, Tanganyika lina 18,900. Mara saba! Gawanya maji hayo kwa watu bilioni 8 wa dunia, kila mtu anapata bidoni 118,000. Bibi na bwana wakitumia bidoni 10 kwa siku kila mmoja, fungu lao litawafikisha mwaka wa 32 wa ndoa. Na mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga kule Kalemie. Kwa mwendo wa mto huo peke yake, kulikausha ziwa kungechukua karibu miaka 7,000. Maji mengi huondoka kwa kupaa angani. Stanley aliukuta mlango huo umezibwa na matope na mimea mwaka 1876. Kufika 1879 ziwa lilikuwa limekwisha kuuvunja, maji yakatoka kwa kishindo.

1. Ziwa refu kuliko yote yenye maji baridi duniani

Kilomita 673. Hapa Baikal anakaa chini. Ana kilomita 636, amepitwa kwa 37, masafa ya Uvira hadi Bujumbura na chenji inabaki. Kaspi ni ndefu zaidi lakini ni ya chumvi, na haijaalikwa.

Panga mabasi kutoka upande wa Uvira hadi Mpulungu, Zambia: yanahitajika 56,000. Nchi nne zinagawana maji hayo: Tanzania asilimia 46, Kongo 40, Burundi 8, Zambia 6. Eneo ni kilomita za mraba 32,900. Ubelgiji, nchi iliyotutawala kwa miongo mitano na zaidi, ingezama yote humo, na nafasi ya kuichovya Unguja nzima ingebaki. Wakaribishe watu wote wa dunia juu ya maji, kila mmoja atapata mita za mraba 4. Wawili wana 8: kitanda kipana na pa kuwekea mizigo.

Na ukingo? Kilomita 1,828. Mkitembea kilomita 20 kwa siku, mkono kwa mkono, mtamaliza siku ya 92. Fungate ni siku saba. Hizo ni fungate 13 na siku moja, mzunguko mmoja tu wa ziwa!

Matokeo

Kina: Baikal. Wingi wa maji: Baikal. Umri: Baikal. Urefu: Tanganyika. Joto la maji: Tanganyika tena, kwa mabao mengi, maana juu yake ni nyuzi 25 hivi mwaka mzima wakati Baikal huganda barafu tangu Januari hadi Mei, malori yakapita juu. Tatu kwa mbili, kombe la kawaida linakwenda Urusi. Lakini shindano hili lilikuwa la bibi na bwana wanaotaka kuvua viatu, kuingia majini hadi kiunoni na kutoka wakiwa na njaa ya mukeke. Kwa kanuni hizo Baikal hakujaza hata fomu. Bingwa ni Uvira!